Meseji ya pesa inathibitisha nini hasa? Somo la ploti ya Kulamawe

Shangazi yangu ana duka Kulamawe, kwenye ile barabara inayotoka Isiolo kuelekea Garba Tulla na Modogashe. Ni duka la kawaida tu: sukari, unga, majani chai, betri za tochi, na kreti za soda zinazokaa kivulini kwa sababu friji ilikufa zamani. Mwaka wa 2021, mimi nikiwa bado chuo, alinipigia simu akiwa na furaha kweli. Amepata ploti, futi 50 kwa 100, hatua chache kutoka dukani. Bei ni shilingi 200,000, na atalipa polepole. Muuzaji ni mzee jirani, wanaswali msikiti mmoja, na wameuziana mbuzi miaka mingi. Sasa mtu kama huyo utamwambia muandikishane? Ingekuwa kama kumtukana.

Akaanza kutuma pesa kwa simu. 50,000, kisha 40,000, kisha 40,000 tena, kisha 30,000. Moja ya hizo ilienda kwa laini ya mkwe wa mzee, kwa sababu siku hiyo simu ya mzee ilikuwa haina chaji. Jumla 160,000. Ilibaki 40,000 tu.

Kabla ya ile awamu ya mwisho mzee akafariki. Shangazi akangoja siku za matanga ziishe, akaenda kwa adabu kuuliza habari ya ploti. Kijana mkubwa wa marehemu akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, pesa tunajua ulituma. Lakini hizo zilikuwa za mbuzi. Umenunua mbuzi kwa baba mwaka mzima, sisi sote tuliona."

Na ni kweli alikuwa ananunua mbuzi kwa huyo mzee! Ila mbuzi alikuwa analipia kwa pesa taslimu, mkononi. Shangazi akatoa simu, akaonyesha meseji zote nne. Jina liko, kiasi kiko, tarehe iko, hata saa na dakika. Neno "ploti" haliko popote.

Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wateja wetu kutumia pesa za simu, na nikiulizwa na mwenye duka au mwenye nyumba faida yake ni nini, jibu la haraka huwa ni "unapata rekodi". Sio uongo. Lakini tangu ile habari ya shangazi nimejifunza kumalizia hiyo sentensi: unapata rekodi kwamba pesa imehama. Imehama kwa sababu gani, hiyo rekodi haisemi. Ni wewe unafaa kuisema, mapema, wakati mnapendana bado.

Meseji inabeba nini, na inaacha nini

Ukituma pesa, mfumo unaandika vitu vichache: nambari ya muamala, kiasi, tarehe na saa, na jina la mtu aliyesajili laini iliyopokea. Hapo kwa jina tuangalie vizuri. Laini ya mkwe ni ya mkwe. Ukituma huko, kwa karatasi umempa mkwe pesa, na familia ikitaka kukukana ina mlango wazi. Kama muuzaji simu yake haina chaji, ngoja kesho. Kama anakwambia "tuma kwa hii nyingine", mwambie kwanza akuandikie meseji kutoka laini yake mwenyewe kwamba amekuomba utume kwa laini ile, kwa ajili ya kitu fulani. Akikataa kuandika mstari mmoja tu, hapo tayari umejua jambo.

Mahakamani rekodi za kielektroniki zinakubaliwa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inaruhusu, ila inataka ziambatane na cheti kinachoeleza rekodi ilitoka kwa kifaa gani na ilitolewa vipi. Ndiyo maana picha ya skrini uliyotumiwa kwa WhatsApp na binamu ni dhaifu kuliko taarifa rasmi ya miamala kutoka kwa kampuni iliyobeba pesa. Tena meseji hupotea: simu inaanguka kwa debe la maji, mtoto anafuta, laini inabadilishwa. Usipoteze usingizi. Taarifa ya miamala unaweza kuiomba hata kama simu ya wakati ule haipo tena. Iombe mapema, ihifadhi kwa barua pepe, na uchapishe nakala moja uweke na vyeti vyako.

Sasa ile sehemu inayokosekana, yaani sababu ya malipo, unaijaza namna hii. Mara tu baada ya kutuma, kabla hujaweka simu mfukoni, mwandikie aliyepokea meseji ya kawaida:

"Mzee, nimekutumia 40,000 leo. Ni awamu ya tatu ya ploti iliyo kati ya duka langu na boma lako. Jumla nimelipa 130,000 kati ya 200,000. Imebaki 70,000. Tafadhali nijibu kama umepokea."

Akijibu "Nimepokea, asante", una kitu ambacho shangazi hakuwa nacho. Haikugharimu hata shilingi tano. Na haina matusi ndani yake, ni hesabu tu, na mzee mwenyewe ataipenda kwa sababu hata yeye anaweza kusahau mmefika wapi.

Kwa ardhi, meseji haitoshi

Watu wengi nikifika hapa wanafurahi na kudhani tumemaliza. La. Kwa friji, kwa mbuzi, kwa gunia la mchele, hiyo meseji na jibu lake vinaweza kukusimamia. Kwa ploti na nyumba sheria ya Kenya inataka zaidi.

Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), inasema huwezi kufungua kesi juu ya mkataba wa kuuziana ardhi isipokuwa mkataba huo umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwepo pale ikitiwa. Tazama vizuri: kila sahihi iwe na shahidi wake aliyeiona kwa macho. Shahidi aliyeletewa karatasi jioni nyumbani kwake aweke kidole, huyo hakushuhudia chochote.

Kwa hivyo kuna mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kudai pesa zako zirudi. Hapo rekodi za malipo zina nguvu kubwa. La pili ni kudai ploti yenyewe. Hapo bila karatasi iliyotiwa sahihi na kushuhudiwa uko pabaya hata ukiwa na meseji mia.

Karatasi yenyewe haihitaji Kiingereza. Wakili akiwepo ni bora zaidi, na kwa bei ya ploti ya siku hizi ada yake si kitu cha kuogopa. Uliza kwanza atatoza ngapi na mwandikiane. Lakini kama leo hamna wakili na mnataka kulipana, afadhali hii kuliko hewa:

"Mimi [majina yote matatu, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu] leo tarehe ___ nimemuuzia [majina, kitambulisho, simu] ploti iliyoko Kulamawe, yenye ukubwa wa futi ___ kwa ___, inayopakana kaskazini na ___, kusini na ___, mashariki na ___, magharibi na ___. Niliipata kwa njia ya ___. Bei tuliyokubaliana ni shilingi ___. Nimepokea leo shilingi ___ kwa muamala nambari ___. Salio litalipwa kwa laini hii ___ pekee, kufikia tarehe ___. Nikishindwa kumkabidhi ploti nitarudisha pesa zote kufikia tarehe ___. Mke wangu / mume wangu anajua na amekubali, na sahihi yake ni hii."

Chini ziwe sahihi za muuzaji, mnunuzi, mwenzi wa muuzaji, na mashahidi wa kila mmoja. Nakala mbili, kila mtu na yake. Kila awamu ikilipwa, nambari ya muamala inaongezwa nyuma ya karatasi na wote wawili wanatia sahihi tena.

Ile sehemu ya mwenzi usiiruke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe na mmoja bila idhini ya mwenzake. Kwa Waislamu sheria hiyohiyo inaruhusu mambo ya mali ya ndoa yafuate sheria ya Kiislamu, na Kulamawe wengi ni Waislamu. Lakini hata hapo, mke aliyetia sahihi mbele ya mashahidi hatakuja mwaka ujao kusema hakujua. Na watoto wakubwa wakiwepo kama mashahidi, vizuri zaidi. Kama yule kijana wa mzee angekuwa shahidi siku ile, habari ya mbuzi isingezaliwa.

Kama anayekuuzia ni mrithi, yaani ploti ilikuwa ya baba aliyekufa, uliza barua ya mahakama inayompa mamlaka juu ya mali ya marehemu. Mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya urithi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kupeleka jambo lao huko. Mtoto mmoja kati ya saba hawezi kukuuzia fungu la wenzake sita, hata kama yeye ndiye kifungua mimba.

Je, muuzaji ana kitu cha kuuza?

Hili ndilo swali gumu la Kulamawe, na la Isiolo karibu yote nje ya mji. Unaweza kuwa na karatasi safi, mashahidi wanne na taarifa ya miamala, kumbe aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza.

Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii ni ardhi ya jamii. Zamani iliitwa ardhi ya amana chini ya baraza la kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, ikaiita ardhi ya jamii, na mwaka wa 2016 ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii. Sheria hiyo inasema kwamba pale ardhi ya jamii haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishika kwa niaba ya jamii, na hairuhusiwi kuiuza wala kuihamisha. Ikishasajiliwa, kuigawa au kuiuza kunahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa kama wanajamii. Mzee mmoja, hata awe na heshima namna gani, si theluthi mbili.

Waborana wenyewe wanalijua hili kabla ya sheria kuandikwa. Malisho na maji husimamiwa kwa dedha, na wazee wa dedha ndio wanaosema mifugo ilishe wapi wakati wa mvua na wapi ihifadhiwe kwa kiangazi. Hakuna aliyewahi kufikiria malisho ni ya kuuza kwa futi. Mambo yamebadilika katikati ya senta, penye maduka, ambapo watu wamepimiwa ploti na kujenga. Kwa hivyo swali la kwanza kabla ya bei: hii ploti iko ndani ya senta iliyopangwa na kaunti, ama iko nje, kwenye ardhi ya jamii? Jibu linatoka ofisi ya ardhi ya kaunti, Isiolo mjini. Ni safari ya zaidi ya kilomita 70 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Nauli ni sehemu ya bei ya ploti. Ihesabu hivyo.

Pale ofisini uliza kama ploti hiyo iko kwenye rejista yao, imeandikwa jina la nani, na ina deni la ada ya kila mwaka kiasi gani. Deni la ada humfuata anayemiliki, na ukinunua bila kuuliza umelinunua nalo.

Utaonyeshwa karatasi mbili ambazo watu hupenda sana. Ya kwanza ni barua ya chifu. Chifu anaweza kuwatambua wahusika na kushuhudia kwamba walikubaliana, na hilo lina maana yake. Muhuri wake hauhamishi ardhi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Ya pili ni barua ya ugawaji, ile inayosema fulani amepewa ploti fulani. Juu ya hii Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi Septemba 2023, kesi ya kampuni ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, kuhusu ardhi ya Nairobi. Torino ilinunua kutoka kwa kampuni nyingine iliyokuwa na barua ya ugawaji. Majaji wakasema barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki. Ni kama ahadi inayongoja masharti yatimizwe, ikiwemo malipo yanayotakiwa kwa muda uliowekwa. Mwenye barua ambaye hajatimiza masharti hana cha kumuuzia mwingine. Kampuni kubwa yenye mawakili ilishindwa hapo, sembuse mimi na wewe.

Kwa hivyo mwenye barua ya ugawaji akikujia, usimfukuze, lakini omba risiti. Alilipa masharti yote? Lini? Risiti ziko wapi? Kama hana, mnaweza kukubaliana kwamba sehemu ya pesa yako ilipie hayo masharti moja kwa moja kwa ofisi inayohusika, kwa jina lake na kwa nambari rasmi ya malipo, na risiti ikae nanyi wote. Pesa ya namna hiyo huwezi kuambiwa ilikuwa ya mbuzi.

Barabara, na kwa nini uweke risiti hata za misumari

Barabara ya Isiolo hadi Mandera inapita Kulamawe, na barabara ikitengenezwa ploti za kando yake zinapata macho mapya. Wengine wanataka kununua, na serikali nayo inaweza kutaka kipande kwa ajili ya barabara yenyewe. Ikichukua ardhi, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia fidia. Wenye hati wanajulikana. Lakini Katiba, kifungu cha 40(4), inaruhusu fidia pia kwa watu wanaokaa kwa nia njema kwenye ardhi ambayo hawana hati yake. Neno ni "inaruhusu", sio "lazima ulipwe", na anayejenga ndani ya hifadhi ya barabara akijua asitegemee huruma hiyo.

Sasa, nia njema inaonyeshwaje? Kwa vitu vidogo: risiti ya mabati na saruji, malipo ya fundi, leseni ya biashara ya kaunti ya kila mwaka, picha za duka zenye tarehe. Ukilipa fundi kwa simu, mwandikie: "Hii ni ya kupiga plasta duka langu la Kulamawe." Miaka mitano baadaye ile mistari inaonyesha ulikuwepo, ulijenga nini na lini. Watu huweka picha za arusi kwa simu mpaka inajaa. Weka na picha ya msingi wa nyumba yako.

Dukani nako, kosa ni lilelile

Nilifikiri kosa la shangazi ni la ploti tu, mpaka nilipokaa naye siku moja nikaangalia pesa zinazoingia kwa till yake. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini, kila mmoja elfu moja kwa mwezi, na zote zinaingia kwa till ya duka. Mjomba akituma karo ya mtoto, till. Mauzo, till.

Hesabu yake sasa. Duka linauza kama 2,500 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: 750,000. Chama ni 20,000 kwa mwezi: 240,000 kwa mwaka. Ongeza karo 35,000. Till inaonyesha 1,025,000. Na Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo ghafi kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, asilimia 3, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asilimia hiyo inakatwa kwa mauzo yote, sio kwa faida. Duka lake halijafika milioni, ila simu yake inasema limefika. Mtu wa KRA akiuliza, ni yeye ndiye atakayetakiwa kueleza ipi ilikuwa ya chama.

Dawa ni rahisi kuliko ugonjwa: till ni ya mauzo peke yake. Chama kiwe na laini au akaunti yake. Karo iingie kwa laini yako ya kawaida. Na wewe mwenyewe ukitaka pesa ya nyumbani, jilipe: toa kiasi fulani kila wiki, andika daftarini "matumizi ya nyumbani", badala ya kuchota kila saa. Utashangaa utakapoona kama duka linakulisha ama wewe ndiye unalilisha.

Ukiwa chini ya milioni na una PIN, bado unatakiwa kufaili ritani ya mwaka kabla ya mwisho wa Juni. Wenye vyumba vya kupangisha nao wana kodi yao: kuanzia Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba unayokusanya, kama kwa mwaka inazidi 288,000, yaani 24,000 kwa mwezi. Vyumba sita vya 3,000 havijafika. Vyumba tisa vimefika, na ni 2,025 kila mwezi.

Kuhusu madeni ya wateja nitasema kidogo tu, kwa sababu kila mwenye duka ana hekima yake. Jina, kitu, bei, tarehe, na mteja aweke sahihi mwenyewe kwenye mstari wake. Akilipa kwa simu, andika nambari ya muamala pembeni ya deni lililolipwa. Na mtu akikuonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, hiyo sio pesa. Angalia simu yako, salio lako. Meseji za bandia zinatengenezwa kila siku, na saa za kupenda kuja ni jioni wakati duka limejaa.

Mkikosana

Anza na wazee, hakuna aibu. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inatambua njia za kienyeji za kutatua migogoro mradi zisivunje haki za mtu wala sheria. Lakini wazee wakimaliza, andikeni walichoamua, mtie sahihi wote, na malipo yatakayofuata yapitie simu na maneno yake. Makubaliano ya mdomo juu ya ugomvi ulioletwa na makubaliano ya mdomo, hayo tunarudi kulekule.

Kwa deni la bidhaa, huduma au pesa isiyozidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Haisikilizi ugomvi wa nani mwenye ardhi. Huo ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Uliza dawati la mahakama ya Isiolo upelekwe panapofaa. Na usikae sana: madai ya mkataba yana miaka 6, baada ya hapo mlango unafungwa hata kama kila mtu anajua ulidhulumiwa.

Shangazi alienda kwa wazee. Walikaa mara tatu. Kilichomwokoa kidogo ni muadhini, ambaye marehemu aliwahi kumwambia kwamba anauza kile kipande. Wazee wakaamua familia irudishe 100,000 kwa awamu, ploti ibaki kwao. Ile 60,000 nyingine ikaitwa ya mbuzi. Walimaliza kulipa baada ya mwaka na nusu, na pale kwenye ploti leo pana duka la mtu mwingine.

Mwezi uliopita amenunua friji, ya mkono wa pili, kutoka kwa jamaa wa Isiolo mjini. 32,000, kwa awamu nne. Alipotuma ya kwanza alinipigia anisomee alichoandika: "Hii ni 8,000 ya kwanza ya friji nyeupe ya soda. Bei 32,000. Imebaki 24,000. Jibu kama umepokea." Yule jamaa akajibu kwa kidole gumba. Shangazi akampigia hapohapo: "Mwanangu, hicho kidole sikielewi. Andika maneno."